Anubiasi za Afande Riziki

Ukimsalimia Riziki Mkude, kabla hajaitikia macho yake yanakuwa yamekwisha kupita kwenye mikono yako. Hafanyi makusudi. Alitumikia magereza tangu usichana wake mpaka alipostaafu akiwa sajini, sehemu kubwa ya utumishi huo kwenye gereza la Kingolwira, na kazi aliyoifanya kwa muda mrefu kuliko zote ni kupekua. Alipekua vikapu vya wageni, pindo za kanga, visigino vya viatu, mikate iliyokatwa na kugandishwa upya. Alipostaafu akahamia nyumba yake hapa Mafiga, na sisi majirani, wakubwa kwa wadogo, tukamwita Afande. Hajawahi kulikataa jina hilo.

Mimi nimepakana naye ukuta kwa ukuta. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe, kwa namna yake ya kueleza, kama mtu anayetoa maelezo kituoni.

Mumewe alifariki zamani. Mtoto wao ni mmoja, Kelvin, kijana aliyesomea mambo ya kompyuta. Kelvin alipokuwa bado anafanya kazi hapa mjini alinunua tangi la samaki, akaliweka sebuleni kwa mama yake, akatia mchanga, mawe, taa na samaki wa rangi rangi. Baadaye akapata kazi Dodoma.

"Mama, nitalifuata nikipata nyumba yenye nafasi," alimwambia.

Nyumba yenye nafasi haikupatikana upesi. Samaki wakafa mmoja baada ya mwingine, maana Riziki aliwalisha kama anavyolisha kuku. Mwisho akaamua kumwaga maji ili tangi ahifadhie maharage. Alipoingiza mkono akakuta jiwe lenye mmea uliolishika kama kucha: majani mafupi, mazito, ya kijani kilichokolea, magumu kiasi kwamba alidhani ni plastiki. Alilikwaruza jani moja kwa ukucha kuhakikisha. Likatoa utomvu. Akaliacha tangi lilivyo, akisema atalishughulikia siku nyingine.

Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja, akifuta vumbi kwenye kioo, akaona jani lililojikunja kama sindano, la kijani cheupe, limechomoza kwenye ncha ya mmea. Hakukumbuka kuliona. Mtu mwingine angefurahi. Riziki alikwenda kukagua kitasa cha mlango, kwa sababu wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba kuna mtu ameingia akaubadilisha mmea.

Akampigia Kelvin. Kelvin akacheka, akampa namba ya Said, muuza samaki wa mapambo wa Dar es Salaam aliyemuuzia vitu vile. Said ana subira ya watu wa biashara hiyo. Alimweleza kwamba mmea unaitwa anubiasi, kwamba asili yake ni mito ya misitu ya Afrika Magharibi, na kwamba haukui kwa haraka hata ufanyeje. Jani moja kwa mwezi, pengine zaidi ya mwezi. Lile shina nene linalolala, lenye vifundo kama tangawizi, lisifukiwe mchangani, litaoza. Ufungwe juu ya jiwe au gogo kwa uzi, mizizi itashika yenyewe. Mwanga uwe kidogo. Mwanga ukizidi, mwani, ule utando wa kijani, unafunika majani, maana jani lake linakaa miaka na mwani unapata muda wote wa kuota juu yake.

"Na kuuzidisha?" Riziki aliuliza.

"Unakata lile tangawizi, mama. Wembe mpya. Kila kipande kiwe na majani yake matatu au manne. Halafu unasubiri."

Kusubiri hakukumtisha. Alikuwa amesubiri maisha yake yote, getini, kwenye lindo, kwenye korido. Na mmea huu ulikuwa na jambo moja alilolipenda ambalo watu hawakuwa nalo: haukuweza kumfanyia kitu kwa haraka. Kila jani alijua limetoka wapi na limefuatia lipi. Akakata, akafunga, akasubiri, akakata tena. Fundi wa vioo wa mjini akamtengenezea matangi mengine, na chumba cha nyuma kilichokuwa stoo kikajaa. Mawe aliyafuata mwenyewe mtoni, huko Matombo alikozaliwa, kila alipopanda kwenda kwenye shamba la ukoo wa mama yake. Akirudi aliyachemsha kwenye sufuria kubwa kama anachemsha mihogo. Maji ya bomba aliyaacha kwenye pipa lililo wazi mpaka harufu ya dawa iishe ndipo ayatumie. Dirishani alitundika pazia zito, na ndani taa zilikuwa zikiwaka mchana.

Mtaani yalisemwa mengi. Wapo waliosema anafuga jini la maji. Wapo waliosema ni bangi, na kwamba askari mstaafu ndiye mtu wa mwisho kukaguliwa. Riziki aliyasikia na hakuyajibu. Alichofanya ni kukumbuka nani kasema nini.

Latifa alikuja kupanga chumba cha uani wakati wa masika. Alikuwa msusi, mwenyeji wa Mikese, anafanya kazi kwenye saluni moja jirani na soko. Riziki alimhoji kizingitini kama mgeni wa mahabusu. Ametokea kwa nani, kwa nini amehama alikokuwa, nani anamfahamu hapa mjini. Akaomba namba ya mama yake, akaipiga palepale huku binti amesimama na begi lake. Mama wa Mikese akajibu kwa adabu, na Latifa akapewa ufunguo.

Alikuwa binti mtulivu, wa kutembea bila kusikika, na hilo peke yake lilimtia Riziki mashaka.

"Shikamoo mama," alimwambia siku moja wakiwa uani. "Samahani, kile chumba chenye taa kuna nini?"

"Marahaba. Kwa nini unauliza?"

"Naona mwanga tu chini ya mlango."

"Basi endelea kuona mwanga."

Miezi ya mwanzo ilikwenda hivyo. Wakati huo Said alikuwa amemtumia mmea mwingine, mdogo, wa majani ya rangi ya kahawa, ambao yeye aliuita kripto. Huu haufungwi kwenye jiwe, unapandwa mchangani, na unatoa watoto kwa chini kama mgomba. Riziki aliupanda, na baada ya siku chache tu majani yote yakalainika, yakawa kama mboga iliyochacha, yakadondoka. Latifa alikuwa anafua nguo zake karibu na pipa la maji. Riziki akachukua maji ya pipa kwenye glasi, akayanusa, akayaonja kwa ncha ya ulimi. Hayakuwa na sabuni. Hata hivyo akamkataza binti kufulia upande ule, na pipa akalifunika kwa wavu na kulifunga kamba kwa fundo analolijua yeye.

Said alipoambiwa akasema kripto ndivyo ulivyo, ukihamishwa maji unayeyuka kwanza halafu unaanza upya kutoka kwenye mizizi. Usiung'oe. Na kweli, baadaye vikatokea vijani mchangani. Riziki alilifungua lile pipa. Lakini kwa Latifa hakurudi kusema lolote, na binti akaendelea kufulia kule mbali.

Kilichowakutanisha ni vidole. Anubiasi ikikua inabidi ifungwe kwenye mawe mapya, na vidole vya Riziki vilikuwa vimeanza kukakamaa. Uzi ukikazwa sana unakata mizizi, ukilegea mmea unaelea. Alikuwa akihangaika barazani na kipande kimoja, Latifa akapita, akasimama.

"Mama, nikufungie?"

Riziki alimtazama mikono, safari hii kwa sababu nyingine. Akampa jiwe. Latifa alilifunga kwa namna msusi anavyoshika nywele za mtoto mwenye kichwa kinachouma, na uzi haukuonekana hata ulikopita. Tangu hapo Jumapili za alasiri walikaa pamoja mle chumbani. Riziki alikata, Latifa alifunga. Walitumia uzi wa kijani ambao Riziki alikuwa nao kutoka enzi za kushona sare.

Kwenye kila mmea mkongwe kuna sehemu ya nyuma isiyo na majani, kigogo kitupu chenye makovu tu. Riziki alikuwa akivikata vile na kuvitupa kwenye ndoo ya taka.

"Hiki unakitupa, mama?" Latifa aliwahi kuuliza.

"Hakina jani. Kitaoza na kuharibu maji."

Binti akakitazama kile kigogo ndani ya ndoo, akarudi kwenye uzi wake.

Kelvin alikuwa akipita mara moja moja na gari la ofisi, akienda Dar au akirudi Dodoma. Siku hizo Riziki alipika ndizi za nyama, akamfungulia chumba cha nyuma aone alivyolikuza lile tangi moja, kisha akarudi jikoni. Zilikuwa siku zake nzuri.

Kisha vipande vikaanza kupotea.

Cha kwanza alikigundua aliporudi kanisani. Kwenye tangi la katikati kulikuwa na mmea ambao alijua majani yake kwa mpangilio, na ncha yake haikuwepo. Pale ilipokuwa kulikuwa na mkato msafi, mweupe kwa kijani, wa wembe. Akageuza jiwe, akaangalia sakafuni, akakagua chujio la maji. Hakuna. Baada ya muda kikapotea kingine, kisha vingine viwili kwa pamoja. Kila mara ni ncha, sehemu bora, na kila mara kimekatwa penye vifundo, panapofaa.

Mwizi alikuwa anajua kukata. Na mtu aliyekaa mle ndani akitazama jinsi ya kukata alikuwa mmoja.

Hakumwambia neno. Huko alikotoka, mtuhumiwa haambiwi kwamba anatuhumiwa. Aliendelea kukaa naye Jumapili, akimpa mawe, akimtazama. Akanunua kufuli. Juu ya kufuli, katikati ya mlango na fremu, akawa anafunga uzi mwembamba usioonekana mpaka uujue. Kila akitoka aliuacha, kila akirudi aliukuta mzima. Hata hivyo, siku chache baada ya Kelvin kupita, akakuta pengo jingine.

Mimi nikamuuliza, aliponisimulia, kama hakuona kwamba uzi mzima maana yake hakuna aliyeingia.

"Niliona," alisema. "Lakini yule ni msusi. Nikasema anaufungua na kuufunga tena. Vidole vile vingeshindwa nini?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kila ambacho hakikumtia Latifa hatiani kikawa ushahidi wa ujanja wake. Akiwa mkimya, anaficha. Akimsalimia kwa uchangamfu, anapumbaza. Akaanza kumtazama mkoba kila anapotoka asubuhi, umevimba au haukuvimba. Binti aliona. Akawa anatoka ameubana kwapani, na hilo likawa baya zaidi.

Siku moja asubuhi Riziki, akiwa nyuma ya pazia, alimwona Latifa akipita na jagi la maji kuelekea nyuma ya bafu la nje. Kule hakuna kitu, ni ukuta na migomba miwili. Akarudi na jagi tupu. Riziki akasubiri aende kazini, akaenda.

Chini ya gunia kulikuwa na beseni la bluu lililofunikwa nailoni nyeupe, matone yamejaa kwa ndani. Akafunua. Maji yalikuwa kidogo, kina cha kidole, na juu ya mawe yaliyochomoza kulikuwa na anubiasi, nyingi, zimefungwa kwa uzi mweusi wa kusukia nywele.

Alilifunika tena kama alivyolikuta. Akavaa viatu, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee Abdulmajid, na jioni Latifa aliporudi akawakuta wamekaa uani na beseni liko katikati. Watu tulikuwa tumekwisha kusogea, kwa maana mwenyekiti akionekana kwa Afande lazima kuna jambo.

"Hili beseni ni la nani?" Riziki aliuliza.

"Langu, mama."

"Na vilivyomo?"

Latifa aliangalia watu, akaangalia chini. "Ni vile ulivyotupa. Nilivitoa kwenye ndoo ya taka."

"Mimi nilitupa vigogo. Hapa naona majani."

"Vimeota."

"Vimeota," Riziki akarudia, kwa sauti ambayo nadhani wafungwa wengi waliifahamu. "Na chumbani kwangu vipande vinapotea, navyo vimeota miguu?"

"Sijui habari ya vipande, mama. Wallahi sijui."

"Kama ni takataka, kwa nini ulivificha?"

Hapo binti akainua macho kwa mara ya kwanza. "Kwa sababu unaniangalia mikono kila ninapotoka," alisema. "Nilijua ukiviona utasema hivi hivi."

Mzee Abdulmajid alijaribu kulituliza. Akasema mambo ya majani yasivunje ujirani, binti aonywe, akae. Riziki akasema hawezi kulala nyumba moja na mwizi. Latifa hakubishana. Alifungasha vitu vyake, rafiki yake wa saluni akaja na bajaji. Kabla ya kupanda aligeuka akaomba beseni lake. Riziki akakataa. Alisema ni kidhibiti.

Beseni likabaki mezani sebuleni. Kesho yake akavaa miwani, akakaa nalo kutambua kipande kipi kimetoka tangi gani. Ilikuwa kazi anayoiweza. Akakitoa cha kwanza, akakigeuza. Akatoa cha pili. Alipofika cha nne au cha tano mikono ikaanza kupungua kasi.

Vyote vilikuwa na majani madogo. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na jani kubwa. Ncha alizoibiwa zilikuwa na majani yaliyokomaa, mapana kama kijiko cha wali, na jani la anubiasi haliwezi kurudi kuwa dogo. Haya yalitoka ubavuni mwa vigogo, pale penye makovu ya zamani, matatu, manne pamoja, yamejibana kama vifaranga. Kila moja lilizaliwa mle mle besenini. Na miisho ya vigogo ilikuwa imekauka, myeusi, ya siku nyingi, si mikato ya juzi. Kimoja kilikuwa kimepinda kama kidole gumba kilichovunjika. Alikikumbuka. Alikitupa mwenyewe.

Kwa mwendo wa mmea ule, binti alikuwa amevitunza tangu zile Jumapili zao za mwanzo.

Aliniambia alikaa pale mpaka chai ikapoa. Kisha akili yake, ambayo haijazoea kukaa bila mtu wa kumshuku, ikampa njia. Labda hivi ni vya kweli kutoka kwenye taka, lakini ni kifuniko tu. Vizuri keshaviuza, hivi vibaya kavibakiza ili akikamatwa aseme neno. Akalishika wazo hilo. Lakini maji ya beseni aliyabadilisha, kwa maji yaliyokaa, na nailoni akairudishia.

Kelvin alikuja mwisho wa wiki. Wakiwa mezani, Riziki akamsimulia yote: kufuli, uzi, beseni, mwenyekiti. Alisimulia kwa kujiamini. Kadiri alivyoendelea, mwanawe akaacha kutafuna.

"Mama," alisema. "Zile ncha nilichukua mimi."

Riziki hakuelewa.

"Bosi wangu ana tangi ofisini. Na jamaa wengine wawili. Nilikuwa nakata kidogo kidogo nikipita, nafunga kwenye gazeti bichi. Wewe unakuwa jikoni. Sikuona kama ni jambo la kukwambia. Tangi nililiacha mimi, nikaona ni vitu vyetu."

Jibu la kwanza la Riziki linaonyesha alivyo kuliko lolote ninaloweza kusema. Alimtazama mwanawe na kumuuliza, "Umeonana na yule binti?"

"Binti gani?"

"Latifa. Amekutafuta akuombe useme hivyo?"

Kelvin alitoa simu, akatafuta picha, akamwekea mbele. Ilikuwa meza ya ofisi, na juu yake tangi safi, na ndani ya tangi anubiasi zake. Alizitambua jani kwa jani. Kwenye shina la moja, kipande cha uzi wa kijani bado kilionekana.

Alirudisha simu taratibu. Uzi wa mlangoni alikuwa anaufungua yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kumwingizia mwanawe. Aliwapekua wote waliopita katika nyumba ile isipokuwa yule mwenye kuingia kwa kukaribishwa.

"Kwa nini hukuniomba?" aliuliza baadaye, Kelvin akiwa anaondoka.

"Ungenipa?"

"Ningekupa."

"Ungeniuliza kwanza za nini, za nani, na kwa nini huyo bosi asinunue zake," Kelvin alisema, bila ubaya. "Nilikuwa nataka tu kukata na kuondoka."

Siku ya Jumatatu Riziki alikwenda saluni. Alivaa gauni la kanisani. Latifa alikuwa amesimama nyuma ya mteja, nusu ya kichwa imesukwa, na wanawake wengine wamekaa kwenye benchi wakingoja. Alipomwona, vidole vyake vikasimama.

"Shikamoo," alisema, kwa sababu ndiyo adabu.

"Marahaba. Nina neno na wewe."

"Nina kazi, mama. Sema tu hapo hapo."

Riziki angeweza kuomba watoke nje. Alinieleza kwamba alilifikiria hilo, na kwamba alikumbuka uani kulikuwa na watu wengi kuliko pale saluni. Akasimama katikati ya chumba, mikono nyuma kama yuko paredi.

"Nilikuita mwizi mbele ya watu," alisema. "Hukuiba. Aliyechukua ni mwanangu. Vigogo vyako nimeviangalia, ulisema kweli. Nimekosa. Naomba unisamehe."

Wanawake wa kwenye benchi waliacha simu zao. Yule mteja alitaka kugeuka, Latifa akamrudisha kichwa kwa kiganja. Akasuka mstari mmoja mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Mwenyekiti anajua?"

"Nimeanzia kwake."

"Na yule jirani yako?"

"Naye nimemwambia." Hiyo ni kweli, alikuja kwangu asubuhi ile.

"Basi naomba beseni langu," Latifa alisema.

Hakusema nimekusamehe. Riziki akangoja kidogo, kisha akaelewa kwamba hakuna zaidi, akaondoka. Alasiri alirudi na beseni kwenye bajaji, amelipakata mwenyewe ili maji yasimwagike. Latifa alilipokea mlangoni, akafunua nailoni, na macho yake yakaenda jiwe kwa jiwe, polepole, mpaka akajiridhisha kuwa hakuna kilichopungua. Riziki alisimama akitazamwa hivyo. Anasema hajawahi kupekuliwa kabla ya siku hiyo.

Latifa hakurudi kupanga. Alipata chumba upande mwingine wa mji, na beseni moja likawa matatu. Lakini Riziki hakuweza kufunga kwa vidole vyake vilivyokakamaa, na Latifa bado aliogopa kukata, kwa hiyo baada ya miezi kadhaa wakaanza kuonana tena, mara chache, Jumapili. Hawakulizungumzia jambo. Riziki ndiye aliyeuliza jinsi vigogo vinavyoamshwa, naye akaelezwa: maji kidogo, unyevu mwingi, nailoni, na kutoviangalia kila siku. Siku hizi havitupi. Ana beseni lake nyuma ya bafu, palepale.

Siku ya kwanza ya kuonana huko tena, Latifa alipokuwa anaondoka, alifika mlangoni akasimama. Akafungua mkoba wake wote, akaushikilia wazi mbele ya Riziki. Kulikuwa na kitana, uzi, simu na kanga iliyokunjwa. Riziki aliniambia kwamba alitaka kumwambia aufunge, lakini kabla neno halijatoka macho yalikuwa yamekwisha kuingia ndani na kutoka. Latifa aliona. Akaufunga, akaaga.

Safari iliyofuata akafanya vivyo hivyo, na iliyofuata pia. Ya nne Riziki akageuza uso ukutani mapema, akasema, "Funga, mwanangu. Sikuombi." Latifa akafunga.

Sasa anakuja bila mkoba. Anakuja mikono mitupu, simu ameishika, na akiondoka anaondoka na vipande alivyopewa katika mfuko mweupe unaoonyesha kila kitu. Nilimuuliza Riziki kama hiyo ina maana binti amemwamini au bado anajilinda. Alikuwa anafuta mwani kwenye jani kwa ncha ya kidole, jani ambalo anasema lilitoka mwaka ambao Kelvin alihamia Dodoma.

"Sijui," alisema. "Namwangalia."